Gari Kuukuu Linapopungukiwa na Nguvu: Utaratibu wa Kutambua Kiini cha Kasoro

Utangulizi

Miongoni mwa malalamiko yanayomfikia fundi wa magari, pengine hakuna lililo fupi na lenye utata kama hili: "Gari haivuti." Kauli hii ya maneno mawili hubeba mambo mengi ambayo msemaji hajayataja. Haielezi ni lini gari lilianza kushindwa, wala kama linashindwa mlimani au tambarare, likiwa limepoa au baada ya kupata moto. Hata hivyo, aghalabu ndiyo kauli pekee ambayo mwenye gari huiacha gerejini pamoja na ufunguo.

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu mwenye Peugeot 504 inayotumia kabureta. Anatoka Naivasha kuelekea Nairobi kwa njia ya Mai Mahiu. Kwenye tambarare gari linakwenda vyema. Anapoanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa, anatoka upande wake wa barabara ili kulipita lori lililoelemewa na mzigo. Akiwa ubavuni mwa lori hilo, injini inalegea. Anakanyaga mafuta mpaka mwisho na gari halijibu, na mbele yake basi linateremka. Anawahi kurudi nyuma ya lori, lakini safari hiyo inamfundisha kuwa upungufu wa nguvu si usumbufu tu, bali ni hatari.

Kesho yake anakwenda kwa fundi na kusema, "Gari haivuti." Fundi anabadilisha plagi. Kasoro inabaki. Koili inabadilishwa, kisha kabureta inafunguliwa, inasafishwa na kufungwa upya. Baada ya majuma mawili mwalimu amekwisha kuzurura maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kiinua mgongo chake kimepungua, na gari bado linalegea pale pale lilipolegea mwanzo.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna kiini cha upungufu wa nguvu kinavyotafutwa katika gari kuukuu la petroli. Hoja kuu ni kwamba upungufu wa nguvu ni dalili, si ugonjwa. Ugonjwa wenyewe hupatikana kwa kuuliza maswali kwa mpangilio, kuanzia lililo rahisi hadi lililo gumu, na anayeweza kuitaja dalili kwa usahihi amekwisha kumpunguzia fundi nusu ya kazi.

Vitenzi Vinne vya Injini

Utendaji wa injini ya petroli unaweza kuelezwa kwa vitenzi vinne: kuvuta, kubana, kuwaka na kutoa. Pistoni huteremka ndani ya silinda na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Hupanda na kuubana mchanganyiko huo. Plagi hutoa cheche, mchanganyiko ukawaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Mwishowe pistoni hupanda tena na kuutoa moshi. Katika mzunguko huu wote, ni tendo la kuwaka pekee linalozalisha nguvu, ilhali matatu mengine hulitumikia.

Kila tendo lina masharti yake. Ili mwako uwe kamili, kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Cheche nayo lazima iwe kali na ije kwa wakati wake. Injini yenye silinda nne inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani injini nzima huhitaji cheche 100 kwa kila sekunde. Kwa hiyo kasoro ndogo isiyoonekana injini inapozunguka polepole huweza kujidhihirisha pale dereva anapodai nguvu nyingi.

Ni bayana, basi, kuwa injini iliyopungukiwa na nguvu imeshindwa kutimiza kimoja au zaidi ya vitenzi hivi vinne. Kazi ya mchunguzi ni kutambua ni kipi.

Je, Kosa ni la Injini?

Kabla ya kuishuku injini, yafaa kuondoa mambo yanayofanana na upungufu wa nguvu ilhali siyo. La kwanza ni mwinuko wa mahali. Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda juu, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru iko zaidi ya mita 2,000. Gari lililozoea Mombasa litakuwa zito Limuru hata kama halina kasoro yoyote. Isitoshe, kabureta iliyorekebishwa pwani humwaga petroli nyingi kuliko inavyohitajika bara, kwa kuwa hewa ya bara ni nyepesi. Injini hiyo itatoa moshi mweusi na kuzichafua plagi hadi kabureta irekebishwe kulingana na mahali.

La pili ni klachi. Klachi iliyokwisha huteleza: dereva anakanyaga mafuta, sauti ya injini inapanda, lakini mwendo wa gari hauongezeki. Hapa injini inazalisha nguvu ila nguvu hizo hazifiki kwenye magurudumu. Wakati mwingine harufu ya kitu kinachoungua husikika pia.

La tatu ni breki zinazoshika bila kukanyagwa. Gari lenye breki za namna hii huwa gumu kusukumwa kwa mkono mahali tambarare, na baada ya safari fupi gurudumu moja huwa na joto kuliko mengine. Magurudumu yaliyopungukiwa na upepo nayo huleta uzito usio wa lazima.

La nne hupuuzwa mno, nalo ni kanyagio la mafuta lenyewe. Waya wake ukilegea, au zulia likikaa chini yake, dereva hudhani amekanyaga hadi mwisho kumbe mlango wa hewa wa kabureta umefunguka nusu tu. Uchunguzi wake hauhitaji senti moja: injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja hukanyaga huku mwingine akitazama, kichujio cha hewa kikiwa kimeondolewa, iwapo mlango huo unafunguka wote.

Dalili na Vitenzi Vyake

Iwapo mambo hayo manne yamethibitishwa kuwa sawa, hatua inayofuata ni kumhoji dereva. Hapa ndipo lugha inapokuwa chombo cha kazi sawa na spana. Lugha ya gerejini ina sifa moja inayostahili kuangaliwa na mwanafunzi wa Kiswahili: majina ya vipuri mengi yametoholewa, kama vile kabureta, plagi, pistoni na gasketi, lakini maradhi ya injini husemwa kwa vitenzi vya Kiswahili chenyewe. Injini hukohoa, hugonga, hutetemeka, hukata, huchemka, hulegea na huzima. Mashine ya kigeni inapougua, huugua kwa Kiswahili.

Vitenzi hivi si visawe. Injini inayotetemeka kwa mpigo ulio sawa hata gari likiwa limesimama aghalabu ina silinda moja isiyowaka. Injini inayokohoa kupitia kabureta dereva anapokanyaga mafuta ghafla huenda inapata petroli kidogo kuliko hewa, au cheche inakuja wakati usiofaa. Injini inayogonga mlimani, kwa sauti kama ya kokoto ndani ya kopo, inaashiria cheche inayowahi mno, petroli duni au joto lililopita kiasi. Inayokwenda vyema kwa muda kisha ikalegea mlimani, na kurejea baada ya kupumzishwa, inaelekeza shaka kwenye njia ya petroli au kwenye kifaa cha umeme kinachoshindwa kikipata moto. Iliyodhoofika polepole kwa miezi mingi, bila mtetemo wala kikohozi, huenda imechakaa ndani au bomba la moshi linaziba.

Rangi ya moshi nayo ni ushahidi. Moshi mweusi ni dalili ya petroli kuzidi hewa. Moshi wa samawati ni dalili ya oili kuungua pamoja na petroli. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni dalili ya maji ya rejeta kuingia katika silinda.

Kuvuta: Hewa na Petroli

Uchunguzi wa tendo la kuvuta huanza kwa kichujio cha hewa, kwa kuwa ni rahisi kukifikia na bei yake ni nafuu. Katika barabara zenye vumbi, kichujio huziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyokadiria. Choki pia huangaliwa. Choki iliyokwama ikiwa imefungwa huinyima injini hewa na kuifanya ilewe petroli.

Njia ya petroli hufuatwa kuanzia tangini hadi kwenye kabureta. Tangi kuukuu huwa na kutu na mashapo yanayoziba kichujio cha petroli. Pampu iliyochoka huweza kutosheleza injini inapozunguka polepole na kushindwa mlimani, ambako petroli inahitajika kwa wingi. Mabomba ya mpira yaliyopasuka huvuta hewa badala ya petroli. Ndani ya kabureta, uchafu mdogo kama chembe ya mchanga huweza kuziba jeti.

Kuna sehemu moja ambayo wengi huisahau: tundu la hewa la tangi. Petroli inapoondoka tangini, lazima hewa iingie kujaza nafasi yake. Tundu hilo likiziba, hewa ndani ya tangi hupungua msukumo kidogo kidogo hadi pampu inashindwa kuvuta. Anayetaka kulielewa jambo hili na afikirie chupa iliyonyonywa kwa mdomo bila kuachiwa hewa.

Ikumbukwe kuwa mvuke wa petroli huwaka upesi mno. Uchunguzi wa sehemu hii hufanyika mahali penye hewa ya kutosha, injini ikiwa imepoa, bila sigara wala moto wowote karibu.

Kuwaka: Cheche na Wakati Wake

Plagi ni shahidi wa yale yaliyotukia ndani ya silinda. Zinapotolewa, hupangwa kwa utaratibu wa silinda zilikotoka ili ushahidi usichanganyike. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya silinda yenye afya. Ncha yenye masizi makavu meusi inasema petroli imezidi. Ncha nyeusi iliyolowa oili inasema ringi za pistoni au miongozo ya vali imechakaa. Ncha nyeupe iliyobabuka inasema kuna joto kali, petroli kidogo au cheche inayowahi. Kuzitupa plagi za zamani bila kuzitazama ni kumfukuza shahidi kabla hajasema neno.

Ili kuitambua silinda isiyowaka katika gari la zamani, fundi huondoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine injini ikiwa inanguruma polepole, kwa koleo lenye mpini usiopitisha umeme. Waya wa silinda nzima ukiondolewa, mngurumo hubadilika papo hapo. Ukiondolewa ule wa silinda iliyokufa, mngurumo haubadiliki. Jaribio hili halifai kwa magari ya baadaye yenye mfumo wa kielektroniki, kwani huweza kuharibu vifaa vyake. Aidha, umeme wa plagi ni wa maelfu ya volti na si wa kuchezewa.

Katika distribyuta, pointi zilizoungua au zilizokaa kwa nafasi isiyofaa hudhoofisha cheche. Kifuniko chenye ufa huivujisha, hasa wakati wa unyevu. Hata cheche kali haina faida ikichelewa: mchanganyiko huwaka pistoni ikiwa imekwisha kuanza kushuka, nguvu zikapotea na injini ikapata joto. Kwa sababu hii, wakati wa cheche hupimwa kila baada ya pointi kurekebishwa.

Kubana: Mgandamizo

Hewa, petroli na cheche zikithibitishwa kuwa sawa, shaka huhamia ndani ya injini. Kipimo chake ni geji ya mgandamizo. Injini hupashwa moto kisha huzimwa, umeme wa koili hukatwa, plagi zote huondolewa, geji hukazwa katika tundu la plagi, kanyagio la mafuta hukanyagwa hadi mwisho na injini huzungushwa kwa stata. Kila silinda hupimwa kwa zamu.

Hapa mwinuko unarejea tena. Kwa kuwa hewa ya Nairobi ni nyepesi, geji itasoma chini ya kiwango ambacho injini hiyo hiyo ingeonyesha pwani. Kwa hiyo lililo muhimu zaidi ni ulinganifu baina ya silinda na silinda. Tofauti inayozidi asilimia 10 hadi 15 inastahili kuchunguzwa. Silinda mbili zilizopakana zikiwa dhaifu kwa pamoja, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yao. Ikiwa ni moja tu iliyo dhaifu, kijiko kimoja cha oili hutiwa ndani yake na kipimo kurudiwa. Geji ikipanda kwa dhahiri, ringi ndizo zinazovujisha, kwa kuwa oili imeziba mwanya wake kwa muda. Isipopanda, vali ndizo zinazoshukiwa. Huenda zimeungua, au zimekazwa mno kiasi cha kutofunga barabara. Tofauti ya gharama kati ya kurekebisha vali na kubadilisha ringi ni kubwa, na kijiko cha oili ndicho kinachoamua.

Kutoa: Njia ya Moshi

Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Bomba lililopondwa na jiwe au sailensa iliyoporomoka ndani hubakiza moshi katika silinda. Gari la namna hii huwaka bila taabu na kunguruma kwa utulivu, lakini hukataa kuongeza mwendo. Njia moja ya kuthibitisha ni kulegeza kiungo cha bomba kabla ya sailensa na kuliendesha gari masafa mafupi, madirisha yakiwa wazi. Nguvu zikirejea pamoja na kelele, kiini kimepatikana.

Magari Yenye Kompyuta

Pengine itadhaniwa kuwa magari ya baadaye, yenye kompyuta na taa ya onyo, yameondoa haja ya utaratibu huu. Sivyo. Mashine ya kusomea misimbo hutaja lalamiko lililosajiliwa na kompyuta. Msimbo ukisema kuwa petroli ni kidogo kuliko hewa, haujasema kama kosa ni la pampu, kichujio, bomba linalovuja hewa au kihisi kilichochafuka. Msimbo, kama ile kauli ya "Gari haivuti," ni dalili inayohitaji kufasiriwa. Anayenunua kihisi kipya kwa sababu kimetajwa na mashine anarudia kosa la mwalimu mstaafu kwa gharama kubwa zaidi.

Kurejea kwa Mwalimu

Mwalimu huyo alimfikia fundi wa pili ambaye hakuanza kwa kufungua boneti. Aliuliza: Gari hulegea wapi? Mlimani. Mara tu linapoanza kupanda? La, baada ya kwenda kitambo. Hutetemeka? La, hulegea tu kana kwamba limenyimwa mafuta. Likisimama je? Likipumzishwa kidogo, hurudia hali yake ya kawaida.

Majibu hayo manne yalitosha kuziondoa klachi, plagi, ringi na sailensa miongoni mwa washukiwa wa mwanzo. Walibaki wawili: njia ya petroli na koili inayoshindwa ikipata moto, na koili ilikuwa mpya. Fundi alipanda garini pamoja na mwalimu. Gari lilipoanza kulegea mlimani, waliliegesha mahali salama, fundi akafungua kifuniko cha tangi. Hewa iliingia kwa mlio wa kufyonza. Waliendelea na safari kifuniko kikiwa kimelegezwa kidogo, na gari likapanda hadi juu bila kusita. Tundu la hewa la tangi lilikuwa limezibwa na vumbi. Lilizibuliwa kwa waya mwembamba, bila kununua kipuri chochote.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa nguvu za injini hutokana na matendo manne, kuvuta, kubana, kuwaka na kutoa, na kwamba upungufu wa nguvu hauna budi kufuatiliwa kupitia matendo hayo kwa mpangilio: kwanza yale yasiyo ya injini, kisha hewa na petroli, kisha cheche, kisha mgandamizo, na njia ya moshi. Mpangilio huu unafuata gharama na urahisi, ingawa maelezo mazuri ya dereva huweza kuubadilisha na kumfikisha fundi moja kwa moja penye kasoro. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika gereji, kutouliza ni gharama.

Fundi wa kwanza hakuwa mvivu wala mwizi. Alipewa kauli ya maneno mawili naye akaijibu kwa vipuri vitatu. Dereva atakayefika gerejini akisema, "Hulegea mlimani baada ya kwenda kitambo, haitetemeki, na ikipumzishwa hurejea," atakuwa amempa fundi mahali pa kuanzia, na huenda amejiepusha kukutana tena na basi lile akiwa ubavuni mwa lori.